Kiti Kutoka kwa Mkwe

Nilianza baiskeli kwa sababu ya ugomvi. Dereva mmoja wa bodaboda alinichukua stendi hapa Shinyanga, tukapatana bei vizuri kabisa, tulipofika mlangoni kwangu akageuza maneno, eti mama ni mzito, aongezwe. Mzito! Wakati ananipandisha hakuniona? Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika kwa sababu nasali, nikampa haki yake ileile tuliyopatana, kisha nikaapa mbele ya majirani kwamba sitapanda tena pikipiki ya mtu yeyote maishani. Majirani walicheka tu. Wananijua. Mimi huapa kwanza, halafu kesho yake ndiyo naanza kufikiri nitafikaje sokoni.

Nilikuwa na miaka hamsini na kidogo, mjane, fundi cherehani, na nilikuwa sijui kuendesha baiskeli. Kwa mtu wa Shinyanga hiyo ni aibu. Huku baiskeli inabeba magunia, mbuzi, vitanda, wagonjwa na maharusi. Kaka zangu walijifunza wadogo, wakifundishana kwenye mashamba ya pamba baada ya mavuno, mimi nikiwa na ndoo kichwani. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kukaa nyuma, kwenye karia, miguu upande mmoja, namwambia mwenye baiskeli apunguze mwendo.

Aliyenifundisha ni jirani yangu, muuguzi, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima. Jumapili baada ya ibada alinipeleka uwanja wa shule ya msingi, akashika kiti nyuma, akanisukuma huku akipiga kelele, "Angalia mbele! Usiangalie chini, chini hakuna kitu!" Nilianguka mara nyingi, na kila nikianguka nilikasirika na kupanda tena. Jumapili moja nikageuka kumwambia asiniachie, nikamwona yuko mbali kule golini, mikono kiunoni, anacheka. Nilikuwa naendesha mwenyewe. Nilipiga kigelegele kimoja mpaka mchungaji akatoka nje ya kanisa la jirani.

Tangu siku ile nikawa mwendawazimu wa baiskeli. Nilinunua ya mtumba yenye gia, rangi ya kijani kibichi, nyepesi, haina karia wala madigadi. Mtaa mzima ulinihurumia. "Baiskeli haina karia, sasa inabeba nini?" Inanibeba mimi, niliwajibu. Na hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wenyewe, ugonjwa wa vifaa.

Mjini kuna duka la baiskeli la mzee mmoja wa Kihindi, aliyezaliwa hapahapa, anayeongea Kisukuma kumshinda binti yangu. Nikiingia tu ananisalimu, "Mwangaluka, mayu!" yaani umeamkaje, mama, na mimi naitikia, halafu tunaanza vita. Kwanza ilikuwa kofia ngumu. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kusukwa, nywele zimesimama mabutu, mpya kabisa. Kofia ikakaa juu yake kama mfuniko wa sufuria ya uji uliofura. Nikasukuma, ikarudi. Mzee akanitazama kwa upole akasema, "Mama, chagua. Nywele au ubongo." Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye akili. Jioni nikafumua, huku nanung'unika, na kesho yake nikarudi na kichwa cha kawaida.

Kengele nilizijaribu zote, moja baada ya nyingine, mpaka watoto wakakusanyika mlangoni wakidhani ameingia muuza aiskrimu. Nikachukua yenye kelele zaidi. Nikachukua taa ya mbele, taa nyekundu ya nyuma, kishikio cha chupa ya maji, na pampu ndogo ambayo mzee aliniapia ni ya chuma kumbe ni plastiki iliyopakwa rangi. Aliponionyesha glovu zisizo na vidole nilimuuliza vidole kavila nani. Vitu vya kushona mimi sinunui. Nilikwenda nyumbani nikakata mkoba wangu wa zamani wa ngozi, nikajishonea, na mpaka leo zinavaliwa.

Kiti ndicho nilichokosea, ila wakati ule nilijiona mjanja. Kilichokuja na baiskeli kilikuwa kimechanika, nikamwambia mzee anipe laini kuliko vyote alivyo navyo. Akatoa kimoja kipana, kina springi chini na sponji juu. Nikakibonyeza.

"Hakuna kikubwa kuliko hiki?"

"Mayu, kikubwa kuliko hiki ni sofa."

Basi nikakichukua, nikaondoka nacho kifua mbele.

Kaptula nilijishonea pia. Niliangalia ile ya muuguzi kwa jicho la ufundi, ya kitambaa cheusi cha kuvutika, inabana, ina sponji kwa ndani. Yake ina sponji moja, ya kwangu nikaweka tatu, nilizokata kwenye godoro. Kwani mimi bahili? Nilipoivaa nikawa natembea kama bata aliyeshiba. Juu yake nilijifunga kitenge, mpaka pale tunapokutana.

Maana nilikuwa nimeshaingia kwenye kikundi. Muuguzi ndiye kiongozi wake. Kila Jumamosi alfajiri tulikutana karibu na kituo cha mafuta, wanaume wengi, wanawake wachache, tunakwenda Kolandoto na kurudi. Binti yangu nilimwambia nafanya mazoezi, basi. Sikumwambia mazoezi gani. Nilitaka siku moja anione napita mbele ya nyumba yake nimeegemea usukani, apige kelele.

Ninaye mtoto huyo mmoja tu. Ameolewa na kijana wa Kishapu, fundi mitambo kwenye migodi ya dhahabu huko Geita, anayekaa kazini majuma kadhaa, kisha anarudi nyumbani kupumzika. Na sasa inabidi nieleze jambo moja, maana kuna vijana wa siku hizi hawalijui. Kwetu Wasukuma, kwa jinsi nilivyolelewa mimi, mama mkwe na mkwe wa kiume hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, kijana anatoka pembeni, anachuchumaa, anainamisha macho, anasalimu chini chini, mama anaitikia huku anapita. Anayevunja mwiko huo hutozwa mbuzi. Wako wanaokumbatiana na wakwe zao mlangoni pa kanisa, nimewaona kwa macho yangu, hao wana mambo yao. Mkwe wangu na mimi tulilelewa kizamani. Miaka yote ya ndoa yake nilimjua kwa mgongo, kwa viatu vyake mlangoni, na kwa sauti iliyokuwa ikikatika ghafla nikiingia uani.

Kwa hiyo nielewe, msomaji, ilivyokuwa Jumamosi ile. Kumepambazuka. Nimeshavua kitenge, nimebaki na kaptula yangu ya sponji tatu, nimeinama najaza tairi upepo, mgongo umeelekea barabarani. Nikasikia wenzangu wanashangilia, "Mchimbaji karudi! Karudi mchimbaji!" Nikageuka, pampu mkononi, ninacheka na mimi, nimwone huyo mchimbaji anayesifiwa kila wiki kwamba hakuna wa kumpita.

Alikuwa mkwe wangu, amevaa kaptula iliyombana kunishinda.

Tulitazamana. Mungu wangu, tulitazamana uso kwa uso! Hata hakugeuza baiskeli. Alikanyaga kwenda mbele, akavuka mtaro, akapita katikati ya mbuzi wa watu, akatokomea. Mimi nilijitupa nyuma ya magunia ya mkaa yaliyokuwa kando, nikachuchumaa humo, nikawa naomba nirushiwe kitenge. Muuguzi alidhani tumevamiwa. Walipoelewa, nusu ya kikundi walikaa chini kabisa kwa kicheko. Nami nilitaka kukasirika, lakini nilipokumbuka wale mbuzi walivyoruka, nikacheka humohumo kwenye mkaa mpaka nikatoka mweusi.

Kesho yake binti yangu akaja, hajavua hata nguo za kanisani.

"Mama, umemfanya nini mume wangu? Tangu jana hatoki chumbani. Hata chai hataki."

"Mimi ndiye nimemfanya? Mbona yeye hajanieleza kwamba yuko kwenye kikundi?"

"Akueleze kwa mdomo upi, mama? Tangu lini mnaongea?"

Nikajifanya natafuta sindano. Akaendelea. Mumewe alikuwa ameamua kujitoa. Mtu anashinda chini ya mitambo huko Geita, kelele na mafuta machafu, akirudi baiskeli ndiyo pumzi yake, na sasa anaiacha kwa ajili ya mkwe. Nikasema basi mimi ndiye nitatoka. Nilisema kwa ukali, kama mtu anayetoa sadaka kubwa. Binti akanitazama. Ananijua.

"Huwezi, mama," akasema. "Tangu uanze unaimba ukiwa kwenye cherehani. Sijakusikia ukiimba tangu baba afariki."

Nikamsogezea kikombe cha chai. Ukweli ni kwamba sikutaka kutoka, na sikutaka yeye atoke. Mmoja akitoka, mwingine atapanda baiskeli kila Jumamosi akijua amemnyang'anya mwenzake, na katikati yuko mtoto wangu anatupikia wote.

Muuguzi ndiye aliyekata shauri, kama anavyokata wodini. "Hii ni barabara, si ukweni," alisema. "Yeye atatangulia mbele kabisa, wewe utafunga mkia. Katikati tuko sisi. Nani atamwona nani?" Ikawa hivyo. Mkwe akawa anavaa suruali ndefu juu ya kaptula, jua lote lile. Mimi nikajishonea kisketi cha marinda cha kuvaa juu ya kaptula, kifupi kisiingie kwenye cheni, kipana kisizuie magoti. Kikatoka kizuri ajabu. Wanawake wa kikundi wote wakakitaka, na wengine hata wasio na baiskeli.

Na yeye aliondoa kioo cha pembeni kwenye usukani wake. Alikuwa nacho siku zote, muuguzi akaniambia, sasa kakifungua asije akaniona kwa bahati mbaya. Nilielewa. Ni heshima kubwa hiyo. Lakini niliumia, nisidanganye. Mungu alininyima mtoto wa kiume, akaniletea huyu mtu mzima tayari, mpole, hanywi, anampenda binti yangu, na sijawahi kumuuliza hata amelalaje.

Ushauri ulikuwa unakuja, lakini kwa kuzunguka. Binti ananipigia simu: "Mama, kuna mtu anasema ukikaribia mwinuko ubadilishe gia mapema, usingoje mpaka miguu ilie."

"Mwambie huyo mtu nimesikia."

"Kuna mtu anasema pia usinywe maji yote mara moja."

"Huyo mtu ameniona nikinywa?"

"Hajakuona, mama! Ameambiwa."

Na kila alichosema huyo mtu nilikifanya, na kila mara kikawa kweli. Nikaanza kuwakaribia wenzangu. Jumamosi moja niliwapita wawili, nikawapigia kengele yangu ile, wakatukana. Furaha niliyokuwa nayo siku hiyo ningeweza kuigawa mtaa mzima na ikabaki.

Shida ikawa makalio. Safari zilivyorefuka, nikawa narudi nyumbani siwezi kukaa. Nilishona nguo za watu nimekalia mito miwili, namuinukia kila mteja kwa heshima asiyoistahili, kumbe naumwa. Nikaongeza sponji kwenye kaptula. Nikashona na foronya ya sponji, nikakivalisha kiti. Maumivu yakazidi. Wenzangu wote walinishauri niongeze ulaini, muuguzi akanipa dawa ya kupaka, na yule mzee wa duka akasema kwa masikitiko kwamba sofa kubwa zaidi hajaagiza. Kwa jambo hili tu, "kuna mtu" hakusema neno. Kimya kabisa. Mimi nikaona basi, hata yeye hajui.

Ndipo binti akaja na kifurushi kimefungwa gazeti.

"Kuna mtu kanituma."

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Nilimuuliza ni cha nini, akatoka nje."

Nikafungua. Kilikuwa kiti cha baiskeli, chembamba, cheusi, hakina sponji wala springi. Nikakigonga kwa vidole, kikalia ko, ko, ko, kama kinu. Damu ikanipanda kichwani. Mtu anajua naumwa, wote wanajua, halafu ananiletea jiwe la kukalia! Na bila hata salamu! Nikaona wazi kabisa maana yake: mama, umetusumbua vya kutosha, rudi kwenye cherehani yako.

"Ananifukuza," nikasema.

"Mama, si hivyo."

"Ni vipi basi? Nieleze!"

Hakuweza kueleza, maana na yeye hakuambiwa. Nikakifunga kile kiti kwenye gazeti lake, nikamrudishia mikononi. "Mpelekee. Mwambie akikalie mwenyewe!"

Binti yangu aliziba mdomo kwa mikono yote miwili, kifurushi kikaanguka. Neno kama hilo, kwa mkwe! Lilishatoka, na mimi neno langu likishatoka silikimbizi. Alikiokota kifurushi, akaondoka bila kuaga. Nikabaki nashona upindo mmoja nao ukaenda kombo mpaka mwisho.

Majuma mawili baadaye ilikuwa safari kubwa ya kikundi, kwenda Mhunze kwenye mnada wa Kishapu. Hatukuwahi kufika mbali hivyo. Nikamwambia muuguzi, na nikataka awaambie wote: nikifika Mhunze kwa miguu yangu mwenyewe, nabaki. Nikishindwa, nauza baiskeli, na mkwe wangu abaki kwenye kikundi chake na kaptula yake kwa amani. Muuguzi alisema naongea kama mtu mwenye homa. Binti yangu yeye alitangulia kwa basi na vyakula, kunisubiri. Hakuniambia kitu zaidi ya kwamba atapika wali na kuku.

Alfajiri ile ilikuwa nzuri, baridi kidogo, barabara tupu, wenye baiskeli za maziwa wanatusalimu, "Mnaenda wapi na makofia hayo?" Niliimba mpaka Kolandoto. Tulipoipita Kolandoto jua likawa kali, upepo ukatugeukia usoni, na kile kiti changu kikaanza kazi yake. Nilikaa upande wa kushoto, nikakaa upande wa kulia, nikasimama kwenye pedeli, nikakaa tena nikapiga yowe. Wenzangu wakawa vidoadoa huko mbele. Magari ya mnada yananipita, ng'ombe waliopakiwa wananitazama.

Muuguzi akanirudia. "Mama, kuna lori nyuma linakuja, lina nafasi. Tupakie baiskeli."

"Sipakii."

"Unalia."

"Ni vumbi!"

Nilikuwa nalia, tena kwa hasira, kama mtoto aliyenyimwa. Nilikuwa naipenda ile baiskeli, jamani. Nilishaona mtu mwingine anaikokota kutoka uani kwangu.

Muuguzi akatazama mbele, nami nikatazama. Mbali kidogo, kando ya barabara, kulikuwa na mtu amesimama na baiskeli yake, ametugeuzia mgongo. Suruali ndefu, jua lote lile. Muuguzi akamfuata, wakaongea, akarudi na uso wa kazi.

"Shuka. Acha baiskeli hapa. Nenda kule ukaangalie ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wowote, mama. Angalia ng'ombe na usigeuke mpaka nikuite."

Nikaenda. Nikasimama ukingoni mwa shamba lililovunwa, nikaangalia ng'ombe wa watu, mmoja mwekundu na mwenzake mwenye mabaka, wanakula mabua. Nyuma yangu nikasikia baiskeli inalazwa, na spana, na bolti inalegezwa. Nikaelewa. Nilitamani kukasirika nikaikosa hasira yenyewe. Niliwaangalia wale ng'ombe kwa bidii mpaka mchungaji wao akaanza kuwa na wasiwasi na mimi.

Niliporudi, sofa langu lilikuwa limefungwa kwenye baiskeli yake, na kwenye yangu kulikuwa na kile kiti kigumu, tena kimepandishwa juu kuliko nilivyozoea. Mwenyewe alikuwa ameshapanda, hatua chache mbele, uso ameelekeza Mhunze.

"Kaa nyuma ya tairi lake, akukinge upepo," muuguzi akasema. "Mimi hao wengine wataniua nikiwachelewesha, naenda." Na kweli akaenda.

Nikapanda. Mwanzoni nilisema hapa ndipo nafia. Lakini miguu ikanyooka vizuri, upepo ukakata, na polepole, kama maji yanavyopoa, yale maumivu yakapungua. Nikangoja yarudi. Hayakurudi. Nilikuwa nimekalia kitu kigumu kama benchi la kanisani na nilikuwa salama!

"Mama."

Nilidhani ni upepo. Hakuwa amegeuka. Aliisemea barabara.

"Bee?"

"Kile kiti laini kinadanganya, mama. Mtu anazama. Akishazama, anasuguana, halafu anaumia pale ambapo mtu... pale ambapo mtu ana..."

Akakwama. Nilikuwa naona masikio yake kwa nyuma, na masikio yenyewe yaliona haya. Hapo ndipo nilipoelewa ule ukimya wake wote na lile gazeti. Maskini, mtu huyu alikuwa na dawa yangu tangu siku ya kwanza, na akaikosea njia. Atamtuma mke wake akaniambie nini? Mkwe ataanzia wapi kuyataja makalio ya mama mkwe?

"Pale ambapo mtu ana nyama?" nikamsaidia.

"Eeh. Hapohapo, mama. Kigumu kinabeba mifupa."

Nikacheka. Nikacheka mpaka baiskeli ikayumba, naye nikamwona mabega yanamcheza. "Kumbe hukunifukuza!"

"Nikufukuze? Mimi nilitaka ufike." Akakanyaga kidogo, halafu akasema taratibu, "Na uliagiza nikikalie mwenyewe. Nimekikalia majuma yote mawili, mama. Sasa kimeshazoea watu."

Yesu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwomba radhi, akasema hakuna neno, alilicheka peke yake wiki nzima. Na ajabu ni kwamba tuliendelea kuongea. Hatukuwa tumetazamana, hatukushikana mikono, hatukula pamoja. Kila mmoja alikuwa na macho yake barabarani. Nani angetutoza mbuzi? Ungedhani walioweka ule mwiko waliiacha barabara makusudi.

Nilimuuliza yote niliyokuwa nimeyaweka miaka hiyo. Amelalaje. Kazi ikoje huko Geita, anakula nini, nani anamfulia. Akaniambia usiku wa zamu anahesabu siku za kurudi kwa binti yangu. Akaniuliza kama kweli nilimsomesha kwa cherehani moja, nikasema ndiyo, hiyohiyo, akanishukuru, "Wabeja, mama. Wabeja sana." Nikapiga kengele tu.

Kisha nikamuulizia mama yake, maana kwenye harusi alisimama na babu yake na shangazi. Alibadilisha gia. Akasema alifariki yeye akiwa bado hajaanza shule, na tangu hapo hajawa na mtu wa kumwita hivyo. Mimi ananitaja kila siku, mama hivi, mama vile, lakini ni kwa mke wake.

Paa za kwanza za Mhunze zikaonekana, na vumbi la mnada juu yake. Wenzetu walikuwa wakitusubiri barabarani, wanapunga mikono. Binti yangu alikuwa mbele yao na kijiko cha wali bado mkononi, amesimama kama mtu aliyeona kitu asichokiamini.

"Mama?" mkwe akaita, macho mbele.

"Bee, baba."

Akaendelea kukanyaga. Tukapita daraja dogo, na bado hajasema.

"Unasemaje?" nikamuuliza.

"Hamna kitu, mama. Nilikuwa naita tu."

Upepo ulikuwa umetulia, lakini mimi macho yalikuwa yameshajaa, na barabara siioni vizuri.

"Ita tena," nikamwambia.